Breka ya Inveta: Hesabu Ndogo Inayookoa Nyumba



Kila mwaka, malipo ya korosho yakishatoka, vijiji vya Newala na Masasi hubadilika. Mwenye nyumba ya nyasi anaezeka bati. Mwenye deni dukani analipa. Na siku hizi watu wengi wananunua sola. Utamwona mtu nyuma ya pikipiki, amekumbatia paneli kama anavyokumbatia mtoto, na betri imefungwa kwa mpira.

Jambo hilo ni jema. Watoto wanasoma usiku bila moshi wa kibatari. Simu inachajiwa nyumbani. Redio haidai tena betri ndogo za kununua kila wiki.

Mwanzoni watu wengi huanza na taa tatu au nne tu. Taa hizo hutumia umeme wa betri moja kwa moja. Lakini mwaka unaofuata mtu anataka televisheni. Mwingine anataka kufungua kinyozi. Mwingine anataka feni. Vitu hivyo vingi vinahitaji umeme kama ule wa TANESCO. Hapo ndipo mtu anaponunua inveta.

Inveta ni chombo kinachochukua umeme wa betri, wenye volti 12 au 24, na kuugeuza uwe wa volti 230. Ni chombo kizuri. Lakini kikifungwa vibaya kinaweza kuunguza nyumba. Chanzo kimoja kikubwa cha hatari hiyo ni breka isiyofaa, au kukosa breka kabisa.

Leo tujifunze namna ya kuchagua breka ya inveta. Hesabu yake ni ya kugawanya na kuongeza. Aliyemaliza kisomo anaiweza. Chukua kalamu na karatasi, twende pamoja.

BREKA NI NINI, NA INALINDA NINI?

Breka ni swichi inayojizima yenyewe umeme ukizidi. Ina namba juu yake. Namba hiyo inaonyesha ni umeme kiasi gani unaruhusiwa kupita. Umeme ukizidi sana, breka inakata mara moja. Ukizidi kidogo, breka inangoja kwanza, inapata joto, halafu inakata.

Watu wengi wanadhani breka inalinda inveta. Wengine wanadhani inalinda televisheni. Sivyo. Kazi ya kwanza ya breka ni kulinda waya.

Kwa nini waya? Kwa sababu waya ukipitisha umeme kuliko uwezo wake, unapata moto. Mpira wake unalainika, unayeyuka, halafu unawaka. Waya huo umepita ukutani, au kwenye boriti, au karibu na magunia ya korosho. Waya ukiwaka, nyumba inawaka.

Inveta nyingine zina fyuzi ndani yake. Muuzaji atakwambia, "Hii haina haja ya breka, ina fyuzi yake." Usikubali. Fyuzi ile iko ndani ya inveta. Waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye inveta hauna mlinzi. Panya akitafuna mpira wa waya huo, au kipande cha chuma kikiangukia betri, fyuzi ya ndani ya inveta haitajua kitu. Na betri moja ya ampea-saa 100 ikipigwa shoti inaweza kutoa zaidi ya ampea 1,000 kwa ghafla. Umeme huo unayeyusha waya mwembamba kama mshumaa.

KWA NINI UPANDE WA BETRI UNA UMEME MWINGI?

Hapa ndipo wengi wanapokosea, hata baadhi ya mafundi. Tulieleze kwa mfano wa korosho.

Tuseme kuna kilo 1,000 za korosho za kubebwa kwenda ghala. Zote zipite njiani kwa pamoja. Kama kila mtu ana nguvu za kubeba kilo 230, watahitajika watu 5 tu, tena wa tano hatabeba mzigo kamili. Hao wanapita vizuri kwenye njia nyembamba. Lakini kama kila mtu anabeba kilo 12 tu, watahitajika watu 84. Watu 84 wakilazimishwa kupita kwa pamoja kwenye njia nyembamba, watasukumana na kukanyagana. Njia lazima iwe pana.

Umeme ni hivyo hivyo.

Wati ni mzigo wote, yaani kazi inayotakiwa kufanyika.

Volti ni mzigo anaobeba kila mtu.

Ampea ni wingi wa watu wanaopita njiani.

Waya ndiyo njia yenyewe.

Inveta ya wati 1,000 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, upande wa volti 230 inapitisha ampea 4 hivi na kidogo. Lakini upande wa betri ya volti 12, mzigo ule ule unapitisha ampea zaidi ya 80. Kazi ni moja, lakini ampea zinapishana karibu mara 20!

Fundi aliyezoea nyumba za TANESCO anajua kwamba wati 1,000 ni kitu kidogo. Anaweka waya mwembamba na breka ya 10, na anasema, "Inatosha kabisa." Kwa TANESCO inatosha. Kwenye betri haitoshi hata kidogo.

MAMA ALIYENUNUA BREKA BILA KUPIGA HESABU

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja wa kijijini amenunua inveta ya wati 500 na betri ya volti 12. Sasa anataka breka. Anaingia dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka breka ya inveta."

"Ya ngapi, mama?"

"Nipe tu iliyo nzuri."

"Basi chukua hii ya 10. Ndiyo wanayochukua wengi."

Mama analipa na kurudi nyumbani. Kijana wa jirani anamfungia. Wakiwasha taa, inakubali. Wakiwasha televisheni na feni pamoja, baada ya muda breka inakata. Wakiirudisha, inakata tena.

Baada ya siku tatu mama amechoka. Kijana anasema, "Shangazi, tuiruke hii breka. Tuunge waya moja kwa moja." Wanaiondoa. Sasa umeme haukatiki. Kila mtu anafurahi.

Je, wamefanya vizuri? Hapana. Breka ilikuwa ndogo kuliko kazi, ndiyo maana ilikata. Lakini dawa ya breka ndogo ni kupata breka inayofaa. Kuondoa breka ni sawa na mtu mwenye homa anayetupa kipimo cha joto. Homa iko pale pale.

Kuna na wengine wanaofanya kinyume. Wanasema, "Nipe kubwa kabisa, isinisumbue." Wanapewa breka ya 125, na waya wao ni mwembamba. Breka hiyo haitawasumbua kweli. Waya utaungua, na breka itakaa kimya, kwa sababu kwake umeme huo bado ni mdogo.

Basi breka ndogo mno inasumbua, na mwisho watu wanaiondoa. Breka kubwa mno inaacha waya uwake. Inayotakiwa ni ile inayolingana na inveta, pamoja na waya unaolingana na breka.

HESABU YENYEWE

Kwanza soma wati za inveta. Zimeandikwa kwenye mwili wake. Angalia vizuri. Mara nyingi utaona namba mbili. Moja ni ya kazi ya siku zote, na nyingine, iliyo kubwa, ni ya dakika au sekunde chache tu. Tumia ile ya kazi ya siku zote.

Halafu soma volti za betri. Ni 12 au 24.

Sasa fanya hivi:

Hatua ya 1. Kama betri ni ya volti 12, gawanya wati kwa 10. Kama ni ya volti 24, gawanya wati kwa 20.

Hatua ya 2. Jibu ulilopata, liongeze robo yake.

Hatua ya 3. Nunua breka yenye namba hiyo. Kama haipo, chukua ile inayofuata kwenda juu, iliyo karibu zaidi.

Utauliza, kwa nini tunagawanya kwa 10 wakati betri ni ya 12? Ni kwa sababu mbili. Betri ikichoka, volti zake zinashuka chini ya 12. Tena inveta yenyewe inakula sehemu ya umeme, ndiyo maana inapata joto. Kwa hiyo ampea zinazopita huwa nyingi kuliko hesabu ya 12 inavyoonyesha.

Na kwa nini tunaongeza robo? Kwa sababu breka ikifanya kazi kwenye mwisho wa uwezo wake kwa saa nyingi, inapata joto na kukata bila kosa. Tunaiachia nafasi ya kupumua.

Haya, tumpigie hesabu yule mama. Inveta yake ni ya wati 500. Betri ni ya volti 12.

500 gawanya kwa 10 ni 50.
Robo ya 50 ni 12 na nusu.
50 kuongeza 12 na nusu ni 62 na nusu.

Breka iliyo karibu ni ya ampea 63. Umeona? Yeye aliuziwa ya 10!

Sasa angerudi dukani angesema hivi: "Mwanangu, nataka breka ya DC, ya ampea 63, ya kukaa kati ya betri na inveta." Mwenye duka akisikia maneno hayo atajua anazungumza na mtu anayejua anachotaka.

Kama karatasi iliyokuja na inveta inataja namba ya breka au fyuzi, fuata karatasi hiyo. Karatasi nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Usiogope. Namba ni zile zile. Tafuta namba yenye herufi A mbele yake. Hiyo A ni ampea. Kisha mwombe mwalimu au kijana wa sekondari akusomee maneno yaliyo karibu nayo.

JEDWALI LA KUKATA NA KUTUNZA

Betri ya volti 12, inveta ya wati 300: breka ya ampea 40, waya wa milimita 10.

Betri ya volti 12, inveta ya wati 500: breka ya ampea 63, waya wa milimita 16.

Betri ya volti 12, inveta ya wati 1,000: breka ya ampea 125, waya wa milimita 35.

Betri za volti 24, inveta ya wati 1,000: breka ya ampea 63, waya wa milimita 16.

Betri za volti 24, inveta ya wati 2,000: breka ya ampea 125, waya wa milimita 35.

Milimita hizi ni milimita za mraba, yaani eneo la shaba iliyo ndani ya waya ukiukata. Mafundi husema "waya wa 10" au "waya wa 16". Namba hiyo imeandikwa juu ya mpira wa waya, kwa herufi ndogo. Waya uwe mfupi, usizidi meta moja na nusu kutoka betri mpaka inveta. Ukiwa mrefu, nguvu zinapotea njiani na inveta inalia kwamba betri imekwisha, kumbe bado.

Tazama tena mstari wa tatu na wa nne. Inveta ni ile ile ya wati 1,000. Lakini betri mbili zikiungwa zikawa volti 24, ampea zinapungua nusu, na waya unakuwa mwembamba. Ni kama watu wetu wa korosho sasa kila mmoja anabeba kilo 24, basi wanaohitajika ni nusu. Lakini hapo inveta nayo lazima iwe ya volti 24. Inveta ya volti 12 ukiiunga kwenye volti 24 utaiua.

Tena jiulize: unahitaji kweli inveta ya wati 1,000? Taa tatu za wati 7 ni wati 21. Televisheni ndogo ni wati 50 hivi. Redio na simu mbili ni kama wati 20. Jumla haifiki hata wati 100. Inveta ya wati 300 inatosha, na waya wake ni wa bei ndogo. Inveta kubwa haileti umeme mwingi zaidi. Umeme unatoka kwenye paneli na betri. Inveta ya wati 1,000 ikibebeshwa mzigo wake wote, betri moja ya ampea-saa 100 haitafika hata saa moja.

ANGALIA WAYA

Waya unaouzwa sana madukani ni wa milimita 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Hizo ni nyaya za nyumba ya TANESCO. Waya wa 2.5 unabeba kama ampea 20 kwa usalama. Sasa inveta ya wati 500 inaweza kuvuta ampea 50 kutoka kwenye betri ya volti 12. Ukitumia waya huo wa 2.5, umejitengenezea kibiriti.

Kanuni ni hii: waya uweze kubeba umeme kuliko namba ya breka. Breka ikate kabla waya haujachoka.

Hakikisha pia waya ni wa shaba. Kuna nyaya za alumini zilizopakwa rangi ya shaba kwa juu. Kwangua kidogo kwa kisu. Ukiona weupe ndani, hiyo si shaba tupu. Haitabeba umeme ulioandikwa kwenye jedwali letu.

BREKA YA DC, SIYO YA AC

Hili ni jambo kubwa. Kuna aina mbili za umeme. Umeme wa TANESCO unaitwa AC. Umeme wa betri na wa paneli unaitwa DC.

Umeme wa AC unakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Kila unapogeuka, unafika sifuri. Kwa hiyo unafika sifuri mara 100 kwa sekunde moja. Umeme wa DC haugeuki. Unakwenda upande mmoja tu bila kupumzika.

Breka inapokata, vipande viwili vya chuma vinaachana ndani yake, na cheche inaruka katikati. Kwenye AC, cheche hiyo inazimika upesi, kwa sababu umeme unafika sifuri. Kwenye DC, cheche haipati nafasi ya kuzimika. Inaweza kuendelea kuwaka kama moto wa fundi wa kuchomelea vyuma. Breka ya DC imetengenezwa kwa namna ya pekee ili kuivuta cheche hiyo na kuizima. Breka ya AC haina nguvu hiyo. Inaweza kuyeyuka, au vyuma vyake vikagandamana visiachane tena.

Utazitambuaje? Soma maandishi yake. Ya DC imeandikwa herufi DC, au ina alama ya mstari mmoja mnyoofu na vistari vitatu chini yake. Ya AC imeandikwa AC, au ina alama ya kimstari cha mawimbi, kama nyoka anayetambaa. Angalia pia namba ya volti za DC. Lazima izidi volti za betri zako.

Breka nyingine za DC zina alama ya kujumlisha (+) na ya kutoa (−). Hizo zina upande wake. Funga kama alama zinavyosema. Ukigeuza, breka inaweza kushindwa kuzima cheche. Tazama pia kama bidhaa ina alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Na udai risiti.

BREKA IKAE WAPI?

Breka ikae kwenye waya wa kujumlisha, karibu sana na betri. Waya kutoka betri mpaka kwenye breka usizidi urefu wa mkono. Sababu yake ni rahisi: sehemu ya waya iliyo kabla ya breka haina ulinzi. Ukiweka breka mbali, karibu na inveta, basi waya wote kutoka betri umeuacha bila mlinzi.

Lakini usiiweke juu ya betri, wala ndani ya sanduku moja na betri. Betri za maji zinapochajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka. Breka hutoa cheche. Vitu hivyo viwili visilale chumba kimoja kidogo. Weka breka ukutani, pembeni, chini kidogo ya usawa wa juu wa betri, maana hewa hiyo hupanda. Dirisha liwe wazi.

Mwisho wa kila waya ubanwe kichwa cha shaba, ambacho mafundi wanakiita lagi. Kisha ukazwe kwa spana. Waya uliolegea unapata joto hata kama breka ni sahihi, na breka haiwezi kuliona kosa hilo. Kwa hiyo kila mwezi zima kila kitu, angalia viungo vyote, na kaza vilivyolegea. Ukiona mpira umebadilika rangi karibu na kiungo, hapo pana joto. Mwite fundi.

UPANDE WA PILI WA INVETA

Umeme ukishatoka kwenye inveta, umekuwa wa volti 230. Huko ampea ni chache. Kwa inveta ya wati 1,000 au pungufu, breka ya AC ya ampea 6 inatosha. Huko ndiko ile breka ya AC ina kazi yake. Usizibadilishe.

Kuna watu wanasema, "Umeme wa jua hauui." Maneno hayo yamepotosha wengi. Volti 12 za betri hazikurushi, lakini zinaweza kukuunguza. Volti 230 za inveta zinaua sawa na za TANESCO. Umeme haujali kama umetoka kwenye bwawa au kwenye jua. Watoto wafundishwe hivyo hivyo.

Kama kijiji chenu kimefikiwa na nguzo za umeme, usiunge inveta yako na nyaya za TANESCO kwa kubahatisha. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwombe akuonyeshe leseni hiyo. Si utovu wa adabu kumwuliza.

BREKA IKIKATA UFANYEJE?

Usikasirike na breka. Inakwambia habari. Fanya hivi:

1. Zima inveta na chomoa vyombo vyote.

2. Tazama na nusa. Kuna harufu ya kuungua? Kuna waya uliotafunwa? Kama kuna, usirudishe. Mwite fundi.

3. Kama hakuna, rudisha breka. Washa inveta bila chombo chochote.

4. Washa chombo kimoja kimoja. Kile kinachofanya breka ikate ndicho chenye kosa, au ndicho kizito mno. Pasi na birika ya umeme hula wati 1,000 mpaka 2,000. Usizitumie kwenye inveta ndogo.

5. Breka ikikata mara ya pili bila chombo chochote, iache. Usiilazimishe.

Na kamwe usiruke breka kwa waya, hata kwa usiku mmoja.

SISI WA UWANDA WA MAKONDE TUNA SABABU ZAIDI

Kila mahali moto ni adui. Lakini kwetu adui huyo ana rafiki, naye ni uhaba wa maji. Udongo wa uwanda wetu ni wa kichanga, na mvua inazama chini. Chemchemi ziko mabondeni, chini ya mteremko. Wazee wetu walishuka na kupanda wakibeba maji kichwani, na mpaka leo kuna nyumba zinazotegemea maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati. Nyumba ikishika moto mwezi wa kumi, wakati kiangazi kimekausha matangi na korosho ziko ndani, utazima kwa nini?

Tena moto wa umeme hauzimwi kwa maji. Maji yanapitisha umeme, nawe unaweza kupigwa. Weka ndoo mbili za mchanga mkavu karibu na mlango wa chumba cha betri. Mchanga hatuna shida nao. Moto ukianza, zima breka kama unaweza kuifikia bila hatari, kisha mwaga mchanga. Kama betri ni ya lithiamu na inatoa moshi, usiisogelee. Toa watu nje, funga mlango, ita majirani.

Usiseme kazi hii ni ya wasomi wakubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wanawake wa vijijini kutoka mikoa ya Lindi na Mtwara walikwenda India, kwenye Chuo cha Barefoot huko Tilonia, wakajifunza kufunga na kutengeneza sola. Chuo hicho huchukua hata wale ambao hawakupata shule. Kama wao waliweza kutengeneza chombo chenyewe, sisi tunaweza kugawanya kwa 10 na kuongeza robo.

TUKUMBUKE

Breka inalinda waya.
Volti 12, gawanya wati kwa 10. Volti 24, gawanya kwa 20. Kisha ongeza robo.
Upande wa betri, breka ya DC. Upande wa volti 230, breka ya AC.
Waya uwe na uwezo kuliko breka.
Breka ikae karibu na betri, lakini si juu yake.
Breka ikikata, tafuta sababu. Usiiruke.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Bwana mmoja ana inveta ya wati 600 na betri ya volti 12. Anahitaji breka ya ampea ngapi? (Ukipata 75, umepata. Kama duka halina ya 75, achukue ya 80, na waya wa milimita 25.)

2. Kwa nini yule mama hakutakiwa kuondoa breka yake?

3. Jirani yako ana breka ya 125 na waya wa 2.5. Utamweleza nini?

4. Nani kijijini kwenu ana inveta? Nendeni pamoja, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Someni wati za inveta, volti za betri, namba ya breka na unene wa waya. Pigeni hesabu. Kama haziendani, mwelezeni leo, asingoje msimu ujao.